Mama Yangu Alichagua Geti la Chini

Mvua ya mawe ya huku kwetu haina adabu. Watu wa mahali pengine wakisikia jina hilo wanafikiri ni vijiwe kama kete za bao, vinashuka, watoto wanaokota, basi. Hapa, ukitoka Litein kwenda upande wa Mogogosiek, inakuja alasiri jua likiwa bado linawaka. Wingu linageuka rangi ya sufuria ya zamani, na kabla hujamaliza kusema "hii ni ya mawe" imeshakupiga. Ikipita, shamba la chai linabaki kama kuku aliyenyonyolewa.

Nakumbuka moja iliyotukuta nikiwa kijana, sijaoa, nachuma chai katika shamba kubwa la kampuni. Tulikuwa tumesimama kila mtu na mstari wake, kapu mgongoni. Nyapara wetu alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu la mvua, na nafikiri ni lile koti lililompa kiburi, kwa sababu sisi wengine tulikuwa na kipande cha nailoni cha kufunga kiunoni tu. Mawe yakaanza. Watu wakataka kukimbilia banda la mizani. Nyapara akapiga kelele kwamba hakuna mtu kutoka mstarini kabla yeye hajasema.

Kwenye mstari wa kando yangu alikuwa mtu mrefu wa kutoka upande wa ziwa. Huyo hakubishana. Alishusha kapu, akamwaga majani yote chini, akalivaa kichwani mpaka mabegani. Nilipoona hivyo nikamwaga langu, nikavaa. Kufumba na kufumbua shamba zima ni makapu yamesimama, hakuna uso. Nyapara anaruka ruka na koti lake: "Wewe kapu! Wewe kapu wa pale! Nimekuona!"

Yule mrefu akajibu kutoka ndani, sauti kama ya mtu aliye kisimani: "Kapu gani, nyapara? Tuko wengi. Taja jina!"

Tulicheka mpaka mawe yakaacha kuuma.

Kesho yake tulifukuzwa watu wawili, yeye kwa kuanza na mimi kwa kufuata. Wa tatu hakufukuzwa, wala wa nne, wala shamba lote lililobaki, na mpaka leo sijui wa pili alikosa nini kuliko wa tatu. Yule mrefu alipata kazi ya mashine katika kiwanda, akanyanyuka kunipita. Mimi nilirudi nyumbani. Baba yangu akanionyesha mteremko uliokuwa na mawe na vichaka, akasema, "Kama hutaki kusimamiwa, haya, jisimamie." Nikang'oa vichaka, nikapanda miche yangu. Sikuwa na kisomo cha kunipeleka mahali pengine. Shule niliiacha darasa la tatu, na nikisema niliiacha naipa heshima, maana kusema kweli ng'ombe ndio walinitoa.

Sasa, chai yako mwenyewe ina kazi moja ambayo chai ya kampuni haina. Kazi hiyo ni kungoja lori. Ukishachuma, unabeba majani mpaka kituoni, banda la mabati lenye mizani, na hapo unakaa kungoja lori la kiwanda. Linaweza kuja mapema, linaweza kuja umeshasahau kwamba lipo. Kwa hiyo kituo chetu ndicho bunge, ndicho mahakama, ndicho redio. Pale nimesikia nani atamwoa nani kabla mwenyewe hajajua. Pale ndipo pia habari za watoto wetu walio vyuoni zinasomwa.

Hilo la kusomwa habari lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini leo kuna watu wananipita njiani wakitazama upande wa pili.

Kilima chetu kina njia yake ya kusomesha. Mtoto wa kwanza wa kilima kwenda chuo kikuu alikuwa kijana wa bakule wangu. Bakule kwetu ni mtu mliyetahiriwa pamoja. Ndugu mnazaliwa naye, lakini bakule mmeumia naye kisu kimoja asubuhi moja, na neno lake huwezi kulitupa hivi hivi. Kijana wake alienda Nakuru, katika chuo ambacho sitataja jina. Nitakiita cha juu, kwa sababu kiko upande wa mlimani. Akapanga chumba karibu na geti. Mwaka uliofuata akamvuta kijana wa jirani, naye akamvuta mwingine. Siku hizi kuna ploti nzima pale juu, mlango kwa mlango, watoto wa kilima chetu. Wanapika sufuria moja. Wanaenda kanisa moja. Wana mkubwa wao, na huyo mkubwa kila mwisho wa mwezi anampigia simu bakule wangu, kwa sababu bakule ndiye mwenyekiti wa harambee, michango yetu ya karo. Halafu bakule anasimama kituoni, lori halijafika, anatutangazia: mtoto wa fulani mzima, mtoto wa fulani ameanguka mtihani mmoja, mtoto wa fulani ameonekana na kijana wa Londiani ambaye hatujui nyumba yao.

Usicheke. Njia hiyo imetusaidia. Hakuna mtoto wetu amelala njaa Nakuru. Mmoja alishikwa na tumbo, wenzake wakambeba mgongoni mpaka hospitali akapasuliwa, akapona, na mama yake akapata habari akiwa bado na majani mkononi. Mimi mwenyewe nimechangia harambee nyingi, na nimesimama pale kituoni nikapiga makofi kama wengine.

Tena bakule ana sababu yake. Kijana wake wa pili alikataa ploti, akaenda mji mwingine peke yake, na pombe ya huko ikamrudisha nyumbani mtu ambaye hata mbwa wao alimbwekea. Bakule hasemi jambo hilo. Lakini sisi tunaojua tunaliona kila akisema "watoto wakae pamoja". Nimeliweka hapa mapema ili mtu asiseme nilimficha.

Haya. Sasa niseme juu ya mama yangu.

Mama yangu mzazi alifariki zamani. Lakini mjukuu wangu alipozaliwa, mtoto wa kijana wangu mwenye kuendesha malori, akina mama wazee walikaa na kitoto wakaanza kuita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, jinsi tunavyofanya. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, ndiye huyo amerudi. Waliita bibi wa upande huu, kimya. Wakaita wa upande ule, kimya, mtoto analala tu. Walipoita mama yangu, jina halijaisha mdomoni, chafya! Wakasema labda ni baridi, wakarudia. Chafya ya pili, kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Basi ikaisha. Tangu siku hiyo namwita mama, naye ananiita babu, na hakuna anayeona ajabu isipokuwa pasta, na pasta hatoki hapa.

Baba yake yuko barabarani siku nyingi kuliko nyumbani, kwa hiyo alikulia kwangu. Mama yangu wa kwanza alikuwa mtu wa kukaa kimya mpaka unadhani amekubali, halafu unamkuta amefanya lake. Huyu wa pili vile vile.

Alipopita mtihani wa kidato cha nne, kilima kilifurahi kuliko mimi. Bakule alifika kwangu kabla sijamaliza kukamua. "Bakule! Tumepata mwalimu!" Maana mtoto alikuwa amesema anataka ualimu. Siku chache baadaye harambee ikafanyika uwanjani kwa bakule. Akavishwa sinendet, ule mmea wa kutambaa tunaomvisha mtu wa kuheshimiwa. Wazee wakasimama, wakanywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, wakambariki, na katika baraka ile bakule akataja chuo cha juu kwa jina lake, mara tatu, na watu wakaitikia mara tatu. Mtoto alisimama pale majani yamemzunguka shingo, macho chini, kimya.

Hakuna mtu alimwuliza. Hata mimi. Si kwa ubaya. Kwetu mtu haulizi ng'ombe kama anataka kwenda mtoni. Ni njia ile ile, wote wanaijua.

Wiki moja kabla ya vyuo kufunguliwa akaniambia, "Babu, nisindikize Nakuru nikapaone."

Nikavaa koti. Bibi yangu, mama watoto, akatufungia mahindi ya kuchemsha na kibuyu cha mursik kwa ajili ya watoto wa ploti. Tukafika. Kwenye stendi walikuwa wamekuja vijana sita kutupokea, wa kilima chetu wote, wengine nilikuwa nawajua tangu wakiwa hawana meno. Wakachukua hata fimbo yangu kunibebea, nikatembea nikiyumba. Pale plotini palipikwa ugali na kuku. Nilikula nikashiba, niseme ukweli, nikavua viatu.

Mkubwa wao, kijana mwenye heshima, akamwonyesha mjukuu wangu kila kitu. "Utalala hapa, kitanda cha juu. Kuosha sufuria wewe ni Jumatano. Jumapili kwaya, tumekuweka sauti ya tatu. Ukitoka jioni unatuambia unaenda wapi, si kwa ubaya, ni utaratibu."

"Sauti ya tatu?" mtoto akauliza.

"Ya pili imejaa."

"Mnajuaje naweza kuimba?"

Kijana akashangaa. "Si uliimba harusi ya dada yangu? Ulikuwa darasa la sita."

Tulipoaga, mimi nikageuza uso upande wa stendi. Mtoto akanishika mkono. "Babu, kuna kingine."

"Kingine nini?"

"Chuo. Kiko chini, upande wa ziwa. Niliomba nafasi na huko nikapata. Ualimu ule ule."

Mambo ya kuomba nafasi siku hizi yanafanywa kwa simu, na mimi simu yangu ni ya kuongea tu. Nikamwuliza, "Nani mwingine anajua?" Akasema, "Wewe, na sasa hivi."

Tukashuka kwa miguu. Ni barabara moja, mteremko, maduka ya vipuri huku na huku. Nilikuwa nimekasirika kidogo na viatu vilikuwa vinabana, kwa hiyo hasira nyingine ilikuwa ya viatu. Tukafika kwenye geti la kawaida, bati limepakwa kijani. Soja wa geti akatoka kibandani, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni nani?"

Nimeishi sana, lakini sijawahi kuona mtu akifurahia swali la soja namna ile. Mtoto alicheka. Alicheka peke yake, mkono mdomoni, soja akadhani anachekwa yeye.

"Nimesema kitu cha kuchekesha?"

"Hapana, afande. Uliza tena."

"Wewe ni nani, na unataka nini hapa?"

Akasimama wima, akasema majina yake yote matatu, pole pole, kama mtu anayeweka mayai mezani. Soja hakujua hata moja. Hakujua baba yake, hakujua babu yake aliyesimama hapo na viatu vya kubana, hakujua sauti ya tatu. Akatuandika, akafungua.

Tulizunguka ndani na hakuna mtu alitusalimia. Miti michache, madarasa ya ghorofa, vijana wanapita kila mmoja na njia yake. Tukakaa kwenye ukuta mfupi nikavua kiatu kimoja. Nikaanza kumhoji.

"Mama, huku huna mtu."

"Ndiyo, babu."

"Ukishikwa na homa?"

"Nitaenda hospitali."

"Ukikosa chakula?"

"Nitakupigia."

"Na mimi nikiwa sina cha kukutumia?"

"Basi tutakosa wote wawili."

Alikuwa anachezea kibuyu kitupu; mursik yote tulikuwa tumewaachia watoto wa ploti. Halafu akasema, na hapa naandika vile alivyosema: "Babu, nikianguka njiani kule kwetu, wewe unajua kabla sijasimama. Nimefika pale juu leo tu na Jumatano yangu imeshakwisha. Mimi sina ubaya nao. Lakini nataka mahali ambapo nikifanya kitu, kizuri au kibaya, nitakuwa nimekifanya mimi."

"Na kikiwa kibaya?"

"Kitakuwa changu."

Sikupenda. Mtu asifikiri nilipiga makofi pale ukutani. Nilivaa kiatu changu, nikamwambia twende nyumbani, na njia yote sikusema naye. Nilikuwa nafikiria yule kijana wa pili wa bakule, na mbwa akibweka.

Nyumbani nikamweleza bibi yangu, nikitegemea atanisaidia kukasirika. Alikuwa anachagua maharage. Hakuinua kichwa.

"Unataka kubishana na mama mkwe wangu?"

"Si mchezo, mama watoto. Mtoto anataka kujitupa mahali hakuna mtu."

"Mimi nimekaa na mama yako boma moja mpaka akafa. Nilibishana naye juu ya kuni, juu ya maziwa, juu ya jina la kila mtoto. Hata siku moja sikushinda. Wewe ulikuwa unakimbilia kwa ng'ombe. Sasa amerudi na nguvu za ujana unadhani ndiyo utamweza?" Akatupa jiwe la maharage nje. "Mwache. Mimi nimechoka na mama yako."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi nilipoamka hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa imegeuka, haikuwa ya mtoto tena. Nilikuwa nauliza ni nani alitupa ruhusa. Tulimvisha mtu majani shingoni, tukanywa maziwa, tukamtuma mahali, na hatukumtazama hata usoni. Harambee ni kitu kizuri. Lakini mtu akikusaidia kubeba mzigo, mzigo haugeuki kuwa wake.

Anayesoma hapa asisubiri mwisho kujua kama alienda. Alienda. Yuko geti la chini sasa hivi ninapoandika. Mambo ya karo tulijitahidi, na namna gani sisemi, kila mtu ana ng'ombe zake. Ameanguka mtihani mmoja, alinipigia akaniambia mwenyewe. Nililia kidogo, si kwa ajili ya mtihani. Kwaya hakuingia, ila anaimba akifua nguo, na jirani yake wa chumba, msichana wa upande wa Kitui, amemwomba apunguze.

Lakini kabla ya hayo, kituo.

Nilipeleka majani siku ile nikijua nitaulizwa. Habari ilikuwa imenitangulia. Vijana wa ploti walisikia mtoto hajalipia kitanda. Bakule alikuwa ameketi juu ya gunia, wenzetu wamemzunguka, lori halijafika.

"Bakule," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nimesikia siku hizi unaongozwa na msichana."

"Si msichana. Ni mama yangu."

"Mama yako tulimzika."

"Tulimzika, akarudi. Wewe ulikuwepo siku ya chafya. Ulikula nyama."

Watu wakacheka. Bakule ni mzee wa kanisa, akajikunja. "Hayo ni mambo ya kale."

"Basi nyama ya kale uliila, na ukaomba mfupa."

Alicheka naye, lakini macho hayakucheka. "Sikiliza. Tulimbariki kwa geti la juu. Mbele ya watu. Baraka si ndama, uifungue kwenye mti huu uifunge kwenye ule."

"Ni mji mmoja, bakule. Barabara moja. Mungu aliyetoka nasi hapa mpaka Nakuru, umbali wote ule, atashindwa kushuka kale kamteremko?"

"Ukimwacha huyu, mwaka ujao ni nani atakubali ploti? Kila mtoto atataka geti lake."

"Na awe nalo."

Nilikuwa sijapanga kusema hivyo, lilitoka. Mtu mmoja akasema "lori", kumbe ni tingatinga, tukarudi kukaa. Bakule akasema jambo hili haliwezi kuishia kituoni, litakaliwa Jumamosi kwake, na nije na mtoto.

Jumamosi tukaenda. Mtoto alivaa sketi ya kanisani. Boma la bakule nalijua kuliko langu. Tulipotahiriwa nililetwa kula pale, mama yake alinipa maziwa ya ng'ombe wake wa kwanza kuzaa, na zile nguzo za mlango tulizichonga sisi wawili. Wazee wa kokwet, yaani wale wanaokaa kuamua mambo ya kilima, walikuwa wameshafika, viti vimezunguka. Mke wa bakule akatuletea chai. Nikapewa kiti changu, karibu na bakule, mahali ninapokaa siku zote. Mtoto akaachwa amesimama katikati.

Bakule alianza kwa upole. Nitasema haki yake: alianza kwa upole. Akaeleza ploti, sufuria, yule mgonjwa wa tumbo. Kisha akamgeukia.

"Binti yetu, ukienda huko chini na ukaugua, ni nani atatuambia?"

"Mimi mwenyewe nitawaambia, baba mzee."

Wakacheka. Si kicheko kibaya sana, kile cha wazee, mabega yanatikisika. Mmoja akasema, "Mgonjwa anapeleka habari yake mwenyewe!" Mwingine akasema, "Na akifa pia atapiga simu." Wakacheka zaidi. Mtoto hakucheka wala hakuinamisha kichwa. Niliona mikono yake imeshika sketi.

"Na ukikutana na mtu mbaya?" bakule akauliza, na sauti yake hapo ilipasuka kidogo. Nilijua anamwona nani.

"Nitamkosea au atanikosea," akasema. "Halafu nitajua."

"Utajua!" Bakule akapiga goti. "Utajua ukiwa umeharibika!"

Nje, kijana wake wa pili alikuwa anapita na ndoo, hakutazama ndani. Sote tulimwona na sote tukatazama vikombe.

Bakule akafuta uso kwa kiganja. Akaongea nami sasa, si na mtoto. Akasema kilima kimefikiria. Akasema mtoto akienda geti la juu, mambo yote yatabaki kama yalivyokuwa, hata maneno ya kituoni yamesamehewa. Akienda la chini, basi nyumba yangu imejitoa, habari zetu hazitasomwa tena, na harambee ya wengine tusije, na yetu wasije. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Hata yule niliyemsaidia kuchimba kisima aliitikia.

"Lakini hatutaki hivyo," bakule akasema. "Wewe ni bakule wangu. Hapa hakuna ugomvi. Wewe ndiye babu. Mwambie tu. Neno moja, mbele yetu, halafu tunywe chai."

Wote wakanitazama. Mtoto pia alinitazama, mara moja, halafu akatazama mbele. Hakuniomba kitu. Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, mnaona wenyewe, nimeanza na mvua ya mawe nikafika hapa. Siku ile yote yalikuwepo: ya baraka, ya ndama, ya mzigo, ya nyama ya kale. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Nikayatafuta nikaona hakuna hata moja la kumpa mtu ambaye ameshaamua kwa niaba ya mwingine na anaomba tu mdomo wangu umtilie muhuri.

Nikaweka kikombe chini, kimejaa. Nikasimama.

"Kaa, bakule, hatujamaliza," akasema.

Nikamwambia mtoto, "Mama, twende."

Tukapita katikati ya viti. Mtu mmoja alivuta miguu yake kutupisha. Nyuma yetu bakule aliniita, kwanza kwa neno letu la jando, halafu kwa jina ambalo mama yake ndiye aliyekuwa ananiita nalo, na sikugeuka. Tukatoka kwenye geti lake, tukashika njia ya katikati ya chai, mimi mbele, yeye nyuma. Tangu siku hiyo sijarudi pale.